Hans Wilsdorf: Yatima aliyeanza kwa kutia saa za watu ufunguo, akaishia kumiliki Rolex

Siku hizi ukiingia kwenye maduka ya mtandaoni utakutana na kisanduku kidogo chenye mota ndani. Kazi yake ni moja tu: kuizungusha saa otomatiki pale mwenyewe anapokuwa hajaivaa, isije ikasimama.

Mwaka 1900, katika mji wa La Chaux-de-Fonds nchini Uswisi, kazi hiyo haikufanywa na mota. Ilifanywa na kijana wa Kijerumani wa miaka 19, yatima, aliyeajiriwa kama karani. Kila siku ya kazi alitakiwa kuzitia ufunguo mamia ya saa za mfukoni, moja baada ya nyingine, na kuangalia kama zinakwenda sawasawa.

Kijana huyo aliitwa Hans Wilsdorf. Miaka mitano baadaye alifungua kampuni ambayo dunia inaijua kwa jina la Rolex. Na miaka 31 baadaye, kampuni hiyo ilitoa saa ya mkono isiyohitaji kabisa ile kazi aliyoanza nayo maisha.

Alipoteza wazazi akiwa na miaka 12

Wilsdorf alizaliwa Machi 22, 1881 mjini Kulmbach, jimbo la Bavaria, Ujerumani. Familia haikuwa ya shida. Baba yake alikuwa na biashara ya vifaa vya chuma.

Mambo yalibadilika ghafla. Mama alifariki, kisha baba naye akafuata. Hans alikuwa na miaka 12 tu. Wajomba na jamaa waliobaki na jukumu la kuwalea watoto waliamua kuiuza biashara ya familia, na yeye akapelekwa shule ya bweni mjini Coburg.

Kwa mtoto aliyetoka kuzika wazazi wawili, kuuziwa na biashara ya nyumbani lilikuwa pigo lingine. Lakini huko shuleni ndiko alikopata vitu viwili vilivyomtoa kimaisha: hesabu na Kiingereza. Alipomaliza alianza kazi kwa mfanyabiashara wa lulu mjini Geneva, kisha akahamia kwa Cuno Korten, kampuni iliyokuwa ikisafirisha saa nje ya nchi.

Korten walimtaka kwa sababu ya Kiingereza, awaandikie barua wateja. Kutia saa ufunguo ilikuwa kazi ya nyongeza. Ila ndiyo iliyomfundisha saa ipi ni ya kweli na ipi ni pambo tu, maana ukizishika mamia kwa siku, mikono yenyewe inaanza kujua.

London, shemeji, na jina la herufi tano

Mwaka 1903 Wilsdorf alihamia London. Mwaka 1905, akiwa na miaka 24, alifungua kampuni na Alfred Davis, aliyekuwa shemeji yake. Waliiita Wilsdorf & Davis, ofisi ikiwa mtaa wa Hatton Garden. Mtindo wao ulikuwa rahisi: mitambo ya ndani ya saa inatoka kwa fundi Aegler wa mji wa Bienne, Uswisi, inafungwa kwenye makasha, halafu inauzwa kwa wenye maduka.

Dili lenyewe lilionekana la kichekesho. Wakati huo mwanaume mwenye heshima zake alibeba saa mfukoni, yenye mnyororo. Saa ya mkononi ilichukuliwa kama bangili ya kina mama, na mafundi wengi waliamini kitu kidogo namna ile, kinachorushwarushwa na mkono kutwa nzima, hakiwezi kushika majira vizuri.

Wilsdorf aliamini kinyume chake. Mwaka 1908 akasajili jina Rolex. Alitaka neno fupi, lisilomshinda mtu wa lugha yoyote kulitamka, na linaloenea kwenye uso wa saa. Mwenyewe alikuwa akisimulia kuwa lilimjia akiwa amepanda juu ya basi la farasi jijini London.

Kulitumia jina ikawa kazi nyingine. Wenye maduka walitaka saa ziandikwe majina ya maduka yao, siyo la mtengenezaji. Alilipenyeza kidogokidogo, saa chache kwa wakati, mpaka wateja wakaanza kuliulizia wenyewe.

Ili kuwafunga midomo waliokuwa wakiidharau saa ya mkono, alizipeleka saa zake zikapimwe. Mwaka 1910 moja ilipata cheti cha usahihi mjini Bienne. Julai 15, 1914 nyingine ikapata cheti cha daraja A kutoka kituo cha Kew, Uingereza, baada ya kupimwa siku 45 kwenye baridi, joto na mikao tofauti. Cheti cha aina hiyo kilizoeleka kutolewa kwa saa kubwa za melini.

Wiki tatu baadaye, Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani.

Vita vikamhamisha

Kuwa na jina la Kijerumani mbele ya duka London wakati huo siyo mchezo. Mwaka 1915 kampuni iliacha jina la Wilsdorf na kubaki Rolex. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ikaweka ushuru wa theluthi moja ya thamani kwa saa zinazoingizwa kutoka nje. Kwa mtu ambaye mzigo wake wote ulitoka Uswisi, hesabu ziligoma.

Mwaka 1919 akahamishia makao makuu Geneva, mji uleule alioufikia kijana akitafuta kazi. Hakuondoka tena.

Saa isiyopitisha maji, na tatizo la kichwa chake

Adui wa saa siku hizo walikuwa vumbi, jasho na maji. Mlango wao mkubwa ulikuwa kile kichwa kidogo cha pembeni kinachozungushwa kuitia saa ufunguo.

Mwaka 1926 Rolex ilitoa saa yenye kasha lililofungwa kwa kukazwa kama mfuniko wa chupa, na kichwa chake nacho kikikazwa hivyohivyo. Wazo la kichwa hicho lilikuwa na hataza ya mafundi wengine wawili, na Wilsdorf aliinunua. Saa aliipa jina la Oyster, yaani chaza, yule wa baharini anayejifunga kwenye gamba lake.

Oktoba 1927, mwogeleaji wa Uingereza Mercedes Gleitze aliingia baharini kwenye mlangobahari kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa na Oyster. Baridi ilikuwa kali na hakufika ng'ambo, lakini alikaa majini zaidi ya saa 10. Saa ilitoka ikiwa inatembea. Novemba 24 mwaka huo, Wilsdorf alinunua ukurasa wa kwanza mzima wa gazeti la Daily Mail kuitangaza habari hiyo.

Hata hivyo kulikuwa na kasoro, na aliijua. Saa bado ilitaka ufunguo kila siku. Ina maana kila siku mteja anakifungua kichwa, anatia ufunguo, kisha anatakiwa akumbuke kukikaza tena. Akisahau mara moja tu na kunawa mikono, maji yameingia. Dawa ilikuwa moja: saa ijitie ufunguo yenyewe.

Mwingereza aliyetangulia, na aliyepoteza

Hapa ndipo simulizi la Rolex linapohitaji kusimuliwa kwa haki. Wilsdorf hakuwa wa kwanza.

Karne ya 18 mafundi wa Ulaya walishatengeneza saa za mfukoni zinazojikaza kwa mwendo wa mwenye kuvaa. Hazikuenea sana, maana saa iliyo mfukoni imetulia tu. Mkono ndio unaocheza.

Aliyeipeleka teknolojia hiyo kwenye saa ya mkono ya kuuzwa sokoni ni John Harwood, fundi saa Mwingereza aliyezaliwa Bolton mwaka 1893. Alichoka kuona saa za wateja zimejaa vumbi lililopitia kwenye kichwa cha kutilia ufunguo. Akakiondoa kabisa. Ndani aliweka uzani uliokuwa ukichezacheza huku na huku, ukigonga springi kila upande. Alipata hataza ya Uswisi mwaka 1924.

Kisha ukaja mdororo mkubwa wa uchumi duniani. Mwaka 1931 kampuni ya Harwood ikafa.

Mwaka huohuo, 1931, Rolex ikaingiza sokoni saa yake ya Perpetual. Kazi ya kiufundi ilifanywa chini ya Emile Borer, wa kiwanda cha Aegler. Tofauti na ya Harwood, uzani wake wa nusu duara ulizunguka mzunguko kamili bila kugonga popote. Mkono ukisogea, uzani unazunguka, gia zinakaza kamani, yaani ile springi inayoipa saa nguvu. Kamani ikishajaa, inateleza yenyewe ili isikazwe kupita kiasi.

Mpaka leo saa nyingi otomatiki zinafuata mpangilio huo wa uzani unaozunguka.

Harwood alisubiri robo karne. Mwaka 1956 ndipo Rolex ilipotoa tangazo gazetini Uingereza likimtambua kama aliyetangulia. Wilsdorf alikuwa bado hai, tajiri wa kutajwa. Harwood alifariki mwaka 1964 bila utajiri wa aina hiyo.

Saa za mkopo kwa mateka wa vita

Katika Vita vya Pili vya Dunia, maofisa wa Uingereza waliotekwa na Wajerumani walinyang'anywa saa zao. Wilsdorf aliruhusu waagize Rolex kwa barua wakiwa kambini. Saa zilitumwa kupitia Msalaba Mwekundu, na malipo yangefanywa baada ya vita kwisha. Kwa mtu aliye nyuma ya waya, kuambiwa utalipa vita vikiisha ilikuwa pia kuambiwa kuwa utatoka hai.

Lakini kuna upande mwingine. Nyaraka za idara ya ujasusi ya Uingereza, MI5, za miaka hiyo zinaonyesha kuwa maofisa wake walimshuku kuegemea upande wa Wanazi. Hakuwahi kushtakiwa kwa lolote. Mambo hayo mawili yapo kwenye kumbukumbu zilezile za vita, na msomaji anayaona pamoja.

Hakuacha mtoto, aliacha wakfu

Mkewe, Florence, alifariki mwaka 1944. Hawakuwa na mtoto. Mwaka 1945 akaanzisha Wakfu wa Hans Wilsdorf, uje kuimiliki kampuni atakapoondoka duniani.

Alifariki Julai 6, 1960 mjini Geneva akiwa na miaka 79. Hadi leo Rolex haina wanahisa kwenye soko la hisa. Mmiliki ni ule wakfu, ambao hutoa fedha kwa shughuli za kijamii mjini Geneva. Daraja lenye jina lake, juu ya mto Arve, lilifunguliwa mwaka 2012.

Jina lake la herufi tano nalo limesafiri mbali kuliko alivyopanga. Ukifika Kampala ukasema unataka rolex, hupewi saa. Unakunjiwa mayai ndani ya chapati ya moto, na unaondoka umeshiba kwa bei ya kawaida.

Una saa otomatiki? Zingatia haya kabla ya kununua kisanduku

Kama una saa moja na unaivaa kila siku, mashine ya kuizungusha huihitaji. Mkono wako ndiyo mashine. Saa nyingi otomatiki za sasa hukaa takriban siku mbili, nyingine karibu tatu, baada ya kuvuliwa. Ikisimama, nyingi zinaweza kutiwa ufunguo kwa mkono na kurekebishiwa majira, kazi ya dakika moja.

Kisanduku kinafaa kwa mwenye saa kadhaa za kupokezana, hasa zenye kalenda ngumu kurekebisha. Ukitafuta cha bei nafuu, usidanganywe na mbao za kung'aa wala taa. Angalia mambo manne.

Kwanza, kiwe na uwezo wa kuchagua upande wa kuzunguka, maana kuna saa zinazojikaza kwa upande mmoja tu. Pili, uweze kupanga idadi ya mizunguko kwa siku. Saa nyingi hutosheka na kati ya 650 na 800. Tatu, kiwe kinazunguka na kupumzika, siyo kusaga saa 24 mfululizo. Nne, mota iwe kimya, hasa kama kitakaa chumbani unakolala.

Kikikosa mawili ya mwanzo, acha hela yako ikae. Karani wa La Chaux-de-Fonds aliifanya kazi hiyohiyo kwa vidole, mamia kwa siku. Moja haiwezi kukushinda.