Amédée Gordini, fundi wa magari aliyeitwa mchawi

Kwetu, kumwita mtu mchawi ni kumtafutia matatizo. Kule Ufaransa, Amédée Gordini aliitwa hivyo kwa heshima. Alichukua gari ndogo ya mtu wa kawaida, akaitengeneza motere, na gari ile ile ikaanza kuwapita wakubwa kwenye mashindano.

Alizaliwa mwaka 1899 huko Bazzano, karibu na mji wa Bologna, Italia. Kazi aliijifunzia garajini akiwa bado kijana mdogo. Katika miaka ya 1920 alihamia Paris, akafungua garaji yake Suresnes, pembeni ya mji, akitengeneza hasa magari ya Fiat. Baadaye kampuni Simca, iliyokuwa inaunda magari ya Fiat kule Ufaransa, ikamwita atayarishe magari yake madogo kwa mashindano.

Vita ilipoisha, alifungua atelie boulevard Victor, Paris, akaanza kuunda magari ya mashindano kwa jina lake mwenyewe. Hapo ndipo alipoteseka. Mwaka 1952, mjini Reims, dereva wake Jean Behra aliwashinda Ferrari, Ufaransa yote ikashangilia. Lakini franga hazikuwepo. Magari yalitengenezwa haraka-haraka, vipande vinavunjika, gari inasimama katikati ya mbio. Mwaka 1957 yakamshinda, akaachana na timu yake.

Renault ndiyo iliyomwokoa. Alianza na Dauphine: akaiongezea nguvu, ikapewa vitesi nne badala ya tatu. Ila kazi iliyomfanya ajulikane kwa kila mtu ni Renault 8.

Gari hiyo ilitoka mwaka 1962 ikiwa na freni za diski kwenye magurudumu yote manne, wakati magari mengi ya bei ndogo yalikuwa bado na freni za tambuuri. Hii si jambo dogo. Ukiongeza mwendo mara mbili, freni inapaswa kumeza moto mara nne. Tambuuri imefunikwa, moto unabaki ndani, na baada ya konakona chache unakanyaga pedali bila kupata kitu. Diski iko wazi, upepo unaipoza.

Kwa hiyo Gordini alipewa gari iliyokuwa tayari inajua kusimama. Mwaka 1964 akaitoa yake. Motere ya ukubwa ule ule, sentimeta kibu 1108, iliyokuwa inatoa farasi 50 kwenye Renault 8 Major, kwake ikatoa 95. Karibu mara mbili! Siri? Hewa. Alibadilisha kulasi: petroli na hewa vinaingia upande mmoja, moshi unatokea upande wa pili, na chumba cha kuwakia kina umbo la nusu mpira. Juu yake akaweka karburatere mbili, kila moja yenye midomo miwili. Freni nazo zikaongezewa kisaidizi, ili mguu wa dereva usichoke. Wako mafundi wengi wanaokimbilia nguvu na kusahau upande huu wa pili. Kwenye gari hii vyote viwili vilienda pamoja.

Gari ilipakwa rangi ya buluu na mistari miwili myeupe. Ilishinda mbio za Corsica mwaka 1964, 1965 na 1966. Corsica ni kisiwa cha milima, kona juu ya kona. Aliyekwisha kushuka Ngomo kwenda Kamanyola anaelewa freni zilifanya kazi gani pale. Mwaka 1966 ikaongezwa motere ya 1255 na vitesi tano. Mwaka huo huo yakaanzishwa mashindano ya Coupe Gordini, ambamo kila mmoja aliendesha gari ya namna moja. Vijana wasio na pesa nyingi wakapata pa kuonyesha uwezo wao, na wengine wakafika mbali.

Mwaka 1969 kazi ya motere za mashindano ilihamia Viry-Châtillon, kusini ya Paris, nyumba mpya ikibeba jina la Gordini. Mzee alikuwa na miaka 70.

Alifariki Paris tarehe 25 Mei 1979. Tarehe 1 Julai, mwaka ule ule, Renault ilishinda Formula 1 kwa mara ya kwanza, pale Dijon. Motere ilitoka Viry-Châtillon.