Sarafu ya 1299 yenye mizani: mfahamu mwenyewe, Seyyid Barghash

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee pesa. Siyo hii ya kwenye simu, ile ya shaba ya enzi za mababu.

Stori za rupia na mali za Mjerumani zimezagaa nchi nzima, na sisi wa Same hatujabaki nyuma. Sasa siku ukiletewa sarafu ya shaba, upande mmoja ina mizani na namba za Kiarabu zinazosomeka 1299, jamaa akakwambia ina miaka zaidi ya 700, ni ya enzi za Kilwa, toa laki tatu: usitoe. Hiyo ni 1299 ya Hijria, yaani 1881 hadi 1882 kwa kalenda yetu ya kawaida. Aliyeitengenezesha ni Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar. Habari zake ndizo hizi.

Barghash alizaliwa karibu mwaka 1837, mtoto wa Seyyid Said. Mzee alipofariki 1856, Unguja akaichukua kaka mtu, Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 akajaribu kupindua, dada yake Salme, binti mdogo tu wakati huo, akimwandikia barua za siri. Waingereza wakaingilia, jaribio likafeli, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Huko akaona jinsi mji mkubwa unavyoendeshwa.

Majid akafa 1870, zamu yake ikafika. Lakini alianza na mikosi. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli zake. Mwaka uliofuata Waingereza wakamtishia kuizingira Zanzibar kwa manowari, akasaini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa likafungwa. Tusimpambe hapa wadau: hakusaini kwa kupenda, alibanwa.

Baada ya hapo jamaa alichapa kazi. Alitembelea London 1875, akavuta maji ya bomba mjini Unguja, akanunua meli za mvuke, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Na katikati ya hayo yote akatoa sarafu zake. Kabla yake watu walitumia reale za Maria Theresia kutoka Austria na pesa za shaba za India, ambako ndiko neno lenyewe pesa lilikotoka. Za Barghash za fedha na dhahabu ni adimu mno. Zile za shaba zenye mizani ndizo zilizozagaa, na kwa wakusanyaji wa sarafu duniani siyo kitu cha ajabu.

Huku kwetu zinahusu nini? Njia ya misafara ya Pangani ilipita chini ya milima yetu, Gonja na Kisiwani, kwenda Kilimanjaro. Kwenda pwani zilishuka pembe za ndovu na binadamu waliofungwa minyororo. Kuja huku vilipanda nguo, shanga na waya. Kwa hiyo sarafu ya Unguja kuokotwa Upareni haishangazi.

Mwaka 1885 Barghash alimtuma Jenerali Mathews hadi Kilimanjaro kupandisha bendera yake, na machifu wakasaini. Haikudumu. Mjerumani Jühlke akafika nyuma yake, Mangi Rindi wa Moshi akasaini tena, safari hii kwa Wajerumani. Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani zikaelekeza mizinga kwenye kasri, Barghash akanywea. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakagawana: yeye akabakiziwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi, Upare ukaenda kwa Mjerumani. Akafariki Machi 1888.

Ukitaka kuuona mwisho wa hadithi, tafuta sarafu ya pili: pesa ya kampuni ya Wajerumani ya mwaka 1890. Ni ya shaba vilevile, ina Kiarabu vilevile, lakini tai wa Ujerumani kakaa mahali pa mizani. Ziweke pamoja mkononi. Kati ya hiyo ya kwanza na hiyo ya pili ni miaka minane tu, na nchi ilishauzwa.

Kwa hiyo mdau, ukiipata usiisugue kwa mchanga wala ndimu, unaiharibu na thamani inashuka. Usichimbe makaburi wala magofu, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali. Andika uliipata wapi na nani alikupa. Na kabla ya kutoa hela yako, soma mwaka kwanza.

Nani ana sarafu ya bibi kwenye kibubu? Ina mizani au ina tai? Tupeni habari hapo chini.