Donatello: Mchongaji Aliyemrudia Daudi



Leo tumwangalie Donatello, mchongaji wa Florence, Italia. Alizaliwa yapata mwaka 1386. Baba yake alichambua sufu, yaani mtu wa kawaida tu. Donatello akajifunza kazi kwenye karakana ya Lorenzo Ghiberti, yule fundi wa milango ya shaba yenye matukio ya Biblia.

Mwaka 1408, akiwa na miaka 22 hivi, alipewa kazi ya kumchonga Daudi kwa ajili ya kanisa kuu. Alitumia marumaru, jiwe lenyewe, siyo zile za sakafuni. Daudi huyo amevaa vizuri, kasimama kwa maringo kidogo, na kichwa cha Goliati kiko miguuni pake. Mwaka 1416 akahamishiwa kwenye jumba la serikali ya mji. Kwa kijana, si mchezo! Wengi wetu tungeishia hapo, tukala sifa maisha yote.

Yeye hakuishia hapo. Miaka mingi baadaye akamrudia Daudi yuleyule, safari hii kwa shaba. Kwa jiwe unabandua kidogo kidogo. Kwa shaba unatengeneza kwanza umbo lenye nta, unalifunika kwa udongo, unachoma. Nta yote inayeyuka na kutoka, ndipo shaba ya moto inamiminwa mahali ilipokuwa nta.

Kumbe Daudi wa pili ni mdogo kuliko wa kwanza: sentimita 158, wakati yule wa marumaru ana 191. Ni mtoto hasa. Hana nguo, ana kofia, viatu na upanga, na macho yanatazama chini. Watu hushtuka: mbona yuko hivyo? Soma 1 Samweli 17. Sauli alimvika Daudi mavazi yake ya vita, Daudi akayavua kwa kuwa hakuyazoea. Mimi namwona hivyo: kijana asiye na kitu cha kujifichia, aliyebaki na Mungu tu.

Hapo ndipo ananigusa. Wengine tulikuwa viongozi wa TYCS shuleni, tukasifiwa sana. Leo tuko Maili Moja na vyeti kwenye bahasha, tunaona kama Mungu ametusahau. Labda hajatusahau. Labda ile nta inayeyuka, na nafasi inaandaliwa.

Donatello aliendelea. Kuanzia mwaka 1443 alifanya kazi miaka kama kumi Padua, akatengeneza kwa shaba miujiza ya Mtakatifu Antoni kwa ajili ya altare ya basilika yake. Husimuliwa kwamba pesa zake aliziweka kwenye kapu lililoning'inia, na wasaidizi na rafiki zake walichukua walichohitaji bila kumuuliza. Uzeeni alitengeneza mimbari za shaba zenye mateso na ufufuko wa Bwana, kwenye kanisa la San Lorenzo. Alifariki Desemba 1466 kabla hazijakamilika. Wanafunzi wake wakazimalizia.

Wiki hii, rudia jambo moja jema uliloliacha ukidhani ulishalimaliza: rozari, kitubio, au kwenda jumuiya. Lirudie bila maringo.

Tusali: Ee Bwana, utuvue mavazi yasiyo yetu, utumiminie neema yako. Amina.