Harry Brearley na Feleji Isiyoshika Kutu

Mji wa Sheffield, katika nchi ya Uingereza, umejulikana kwa visu vyake tangu karne nyingi. Huko ndiko alikozaliwa Harry Brearley, tarehe 18 Februari 1871. Baba yake alikuwa myeyushaji wa feleji, yaani chuma cha pua, nayo ni kazi ya moto na jasho isiyomletea mtu mali. Watoto walikuwa wengi na nyumba ilikuwa ndogo. Harry alipotimiza miaka 12 aliacha shule, akaingia katika kiwanda alimofanya kazi babaye.

Baada ya muda alipewa kazi ya kuosha chupa katika maabara ya kiwanda. Mkubwa wa maabara ile, James Taylor, alimwona kuwa kijana mwenye hamu ya kujua, akamtia moyo ajifunze. Basi Harry akaosha chupa mchana, akasoma usiku, hata yule mwosha chupa akawa mkemia. Mwaka 1904 alikwenda kufanya kazi Riga, mji uliokuwa wakati ule katika milki ya Urusi, na leo ni mji mkuu wa Latvia. Aliporudi Sheffield, viwanda viwili, cha Firth na cha John Brown, vilishirikiana kuanzisha maabara ya uchunguzi, naye akapewa kuiongoza mwaka 1908.

Mwaka 1912 waunda bunduki walimletea shida yao. Mitutu ya bunduki zao ilikuwa ikilika upesi ndani kwa ukali wa moto wa baruti. Brearley akajaribu kuchanganya feleji na madini yaitwayo kromi, leo kidogo, kesho zaidi. Tarehe 13 Agosti 1913 aliyeyusha feleji iliyokuwa na sehemu 12.8 za kromi katika kila sehemu 100, na kaboni kidogo sana.

Ilikuwa desturi, mtu akitaka kutazama feleji kwa hadubini, kuipaka kwanza asidi ili iliwe kidogo na chembe zake zionekane. Feleji hii mpya ilikataa kuliwa. Brearley akaijaribu kwa siki na kwa maji ya limau, nayo ikabaki inang'aa. Mwingine angaliitupa kwa kuwa imemharibia kazi yake, maana aliyeulizwa habari za bunduki hakuulizwa habari za siki. Lakini Brearley alikuwa mtoto wa Sheffield, akakumbuka visu vya mezani, ambavyo siku zile vilishika kutu na kusuguliwa kila baada ya chakula.

Sababu ya ajabu ile ni hii. Kromi hushikana na oksijeni ya hewa, ikafanya utando mwembamba usioonekana kwa macho, nao huifunika feleji yote. Ukiukwaruza, hujifanya tena wenyewe.

Walakini wakubwa wa kiwanda hawakuona faida. Wafua visu waliopelekewa feleji ile walisema ni ngumu mno, yaharibu vyombo vyao, wakamcheka Brearley kuwa amevumbua visu visivyokata. Ndipo alipokutana na Ernest Stuart, wa kiwanda cha visu cha Mosley. Stuart aliitia feleji katika siki, akaamini. Visu vyake vya kwanza viliharibika. Vya pili vikaharibika vilevile. Mara ya tatu Brearley alikuja mwenyewe kusimamia moto, na visu vikafaa.

Kisha mali ilipoanza kuonekana, ugomvi ukaingia. Kiwanda kilisema uvumbuzi ni wake, kwa kuwa mvumbuzi alikuwa akilipwa mshahara. Brearley alisema sehemu yake haikutolewa. Mwaka 1915 akajiuzulu, akahamia kiwanda cha Brown Bayley. Tena si yeye peke yake aliyeifikia njia ile. Katika nchi ya Ujerumani, mafundi wa Krupp walikuwa wamekwisha kuandikisha mwaka 1912 feleji yenye kromi na nikeli.

Na hiyo nikeli ilihitajiwa kweli. Bomba la feleji ya kawaida lenye urefu wa meta 100, joto lake likizidi kwa digrii 100, hurefuka kadiri ya sentimeta 12. Likikosa nafasi, hupinda au huvunja maungio yake, na mvuke ukitoka huwaunguza watu. Kwa hiyo mafundi hutia katikati kipande chenye mikunjo, mfano wa mivukuto ya mhunzi: bomba likirefuka, mikunjo husongamana, likipoa, hutanuka. Kipande hicho lazima kiwe chembamba, kama sivyo hakitakunjika; na kitu chembamba kikishika kutu hutoboka upesi. Feleji ya Brearley ilifaa kwa makali ya kisu, lakini haikuweza kukunjwa mara maelfu. William Hatfield, aliyeshika mahali pake katika maabara, alitoa mwaka 1924 feleji yenye sehemu 18 za kromi na 8 za nikeli, nayo hukunjika vizuri.

Hata hivyo fundi hachagui kwa jina tu. Hutazama kwanza kitakachopita ndani ya bomba. Kwa mvuke safi feleji ya Hatfield yatosha. Penye chumvi huongezwa molibdeni, maana chumvi hutoboa vishimo vidogo. Palipochomelewa, au penye moto mkali, kaboni huiteka kromi na kuuacha mpaka bila ulinzi. Kwa hiyo hutiwa titani ili iishike kaboni. Lakini maji ya moto yenye chumvi huweza kuipasua mikunjo iliyokazwa kwa nguvu, bila kutu kuonekana. Hapo hutumiwa madini yenye nikeli nyingi zaidi, ijapokuwa bei yake ni kubwa.

Huko Brown Bayley, Brearley alifanywa mmoja wa wakurugenzi mwaka 1925. Mwaka 1941 alitenga sehemu ya mali yake kuwasaidia watu wa Sheffield na nchi iliyo jirani. Alikufa tarehe 14 Julai 1948, mwenye umri wa miaka 77.