Manuel García na Siri ya Zoloto

Mwanafunzi wa fonetiki hufundishwa mapema kuwa sauti ghuna kama vile /b/ na /z/ hutamkwa nyuzi za sauti zikitetemeka, ilhali /p/ na /s/ hutamkwa nyuzi hizo zikiwa zimeachana. Aghalabu haelezwi ni nani aliyeziona nyuzi hizo zikiwa kazini. Hakuwa daktari wala mwanaisimu, bali mwimbaji aliyeharibikiwa na sauti.

Manuel García alizaliwa Uhispania tarehe 17 Machi 1805. Babaye, ambaye pia aliitwa Manuel, alikuwa mwimbaji wa opera aliyetungiwa na Rossini sehemu ya Almaviva katika Kinyozi wa Seville. Dada zake wadogo wawili, Maria Malibran na Pauline Viardot, walivuma kote Ulaya. Mwaka wa 1825 familia ilivuka bahari hadi New York kuonyesha opera za Kiitaliano, na kijana huyo wa miaka 20 akaimba sehemu ya Figaro. Sauti isiyokuwa imekomaa ilitwikwa mzigo usioweza kubebeka. Miaka michache baadaye aliliacha jukwaa kabisa.

Katika ukoo kama huo, kunyamaza kulikuwa msiba. García aliugeuza kuwa swali: sauti hutokea wapi, na huharibikaje? Mwaka wa 1830 aliandamana na jeshi la Ufaransa hadi Algiers, na aliporejea alifanya kazi katika hospitali za kijeshi, akichunguza maumbile ya koo. Mnamo 1840 aliwasilisha tasnifu kuhusu sauti ya binadamu mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Mwaka uliofuata alijiwa na Jenny Lind, mwimbaji kijana wa Uswidi aliyekuwa amechoka koo. García alimwamuru kwanza akae kimya kwa majuma sita, kisha akamfunza hadi sauti ikarejea. Bila shaka alikuwa akimwepusha na yale yaliyompata mwenyewe.

Hata hivyo, kikwazo kimoja kilibaki. Gegedu za zoloto na misuli yake ziliweza kupasuliwa na kuchorwa, lakini maiti haiimbi. Mnamo Septemba 1854, akitembea katika bustani ya Palais Royal jijini Paris, García aliona jua likimetameta kwenye vioo vya madirisha, na wazo likamjia. Alinunua kioo kidogo cha daktari wa meno kwa faranga sita, akakipasha moto majini kisifunikwe na mvuke wa pumzi, akakikausha na kukiingiza mdomoni hadi kikagusa kimio. Kwa kioo cha pili alichokishika mkononi, alielekeza miale ya jua kooni. Mbele yake glota ilikuwa wazi, na hata sehemu ya bomba la hewa chini yake ilionekana.

Aliona nyuzi zikiachana alipovuta pumzi na kukutana alipoimba. Akatambua kuwa sauti huzaliwa pale hewa inapokatwakatwa na nyuzi hizo kwa mfululizo wa haraka, na kwamba noti hupanda kadiri mfululizo huo unavyoharakishwa. Matokeo hayo aliyawasilisha kwa Royal Society ya London mnamo 1855.

Ni kweli kuwa daktari Babington wa London alikwisha kuunda kifaa cha vioo mnamo 1829, ila hakikuenea. Hata ugunduzi wa García haukuwashughulisha sana madaktari mwanzoni. Yamkini hawakutarajia kufunzwa koo na mwalimu wa uimbaji. Ni mpaka Türck wa Vienna na Czermak wa Pest walipokitumia kioo kwa wagonjwa, kuanzia 1857, ndipo laringoskopu ikaingia hospitalini. Wawili hao waligombania sifa kwa miaka mingi. García hakujitia katika ugomvi huo. Alikuwa London akifundisha katika Royal Academy of Music, kazi aliyoifanya tangu 1848 hadi 1895.

Tarehe 17 Machi 1905, alipotimiza miaka 100, madaktari wa koo kutoka nchi mbalimbali walikusanyika London kumheshimu, na wafalme wa Uingereza na Uhispania wakamtunuku nishani. Alifariki jijini humo tarehe 1 Julai 1906.