Landru na Daftari Lake

Wahenga wetu wa pwani, ambao wengi wao walikuwa watu wa biashara, walituachia usia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni usia mwema, na hadi leo ukipita katika maduka ya Mji wa Kale, Mombasa, utamkuta mwenye duka ameinama juu ya daftari lake, anaandika aliyekopa na aliyelipa. Lakini daftari ni shahidi asiyemjua bwana wake. Likiandikwa mema litayasema, na likiandikwa maovu litayasema vilevile.

Hayo ndiyo yaliyomfika Mfaransa mmoja, Henri Désiré Landru, muuaji aliyekatwa kichwa katika mji wa Versailles mwaka wa 1922. Landru hakuponzwa na maiti, kwani hakuna hata maiti moja ya binadamu iliyoonekana nzima. Wala hakuponzwa na mtu aliyemwona akiua, kwani hakuna aliyemwona. Aliponzwa na kalamu yake mwenyewe na, zaidi ya kalamu, aliponzwa na jambo moja alilosahau kulitia katika hesabu zake. Tutalifikia.

Landru alizaliwa Paris tarehe 12 Aprili mwaka wa 1869, katika nyumba ya watu wa kipato kidogo lakini wenye heshima zao. Babake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, na mamake mshonaji. Walikuwa watu wa dini, wakampeleka mtoto wao katika shule ya Kikatoliki, naye akasoma vizuri na akahudumu kanisani. Alipokuwa kijana aliingia jeshini, akapanda hadi cheo cha sajini. Mwaka wa 1893 alimwoa Marie-Catherine Rémy, wakajaliwa watoto wanne.

Kwa mwanzo kama huo, majirani wangetazamia kumwona akizeeka kwa utulivu. Lakini Landru alikuwa na akili nyingi na subira kidogo. Alijaribu ukarani, akajaribu ufundi, akaingia katika biashara ya samani kuukuu, na kote alipopita aliona kwamba kudanganya kulimlipa upesi kuliko kufanya kazi. Aliwahi kubuni baiskeli ya mota, akapokea fedha za wateja kabla ya kuiunda, kisha akatoweka nazo. Tangu mwaka wa 1904 akawa mtu wa kuingia na kutoka gerezani kwa makosa ya utapeli. Mnamo Julai 1914 mahakama ilimhukumu tena, na mara hii hayupo: miaka minne gerezani, kisha kuhamishiwa koloni la wafungwa ng'ambo. Tangu siku hiyo Landru hakuweza kuishi kwa jina lake. Na mwezi uliofuata Ufaransa ikaingia katika Vita Vikuu vya Kwanza.

SANDUKU LA BARUA

Mwanamke wa kwanza kuingia mtegoni alikuwa mjane Jeanne Cuchet, aliyekuwa akijipatia riziki kwa kazi ya nguo. Alikuwa na mwana mmoja tu, André, kijana aliyekuwa akiinukia utu uzima. Landru alimjia kwa jina la Diard, akamwahidi ndoa. Palipotokea mzozo baina yao, Jeanne alifuatana na shemeji yake mpaka nyumba aliyokuwa amepanga Landru karibu na Chantilly. Mwenyewe hakuwapo. Wakafungua sanduku, na humo wakakuta karatasi zilizoeleza jina lake la kweli na kwamba ana mke na watoto, pamoja na barua za wanawake wengine.

Hapa ndipo ilipojitokeza ila ya Landru ambayo baadaye ilimwua: hakuweza kutupa karatasi. Kila barua aliiweka, kila hesabu aliiandika. Mwenye kuhadaa watu angeona haya kubeba ushahidi wa hadaa zake, lakini yeye aliupanga kama karani wa serikali.

Jeanne aliyaona yote hayo kwa macho yake. Lakini akipenda, chongo huita kengeza. Jamaa zake walimwonya, naye akarejea kwa mwanamume yule. Desemba 1914 walihamia katika nyumba iliyokuwa Vernouillet, nje ya Paris. Mapema mwaka wa 1915, mama na mwanawe hawakuonekana tena.

WAJANE WA VITA

Tukumbuke hali ya Ufaransa wakati ule. Wanaume kwa mamilioni walikuwa wamekwenda vitani, na wengi hawakurudi. Miji ilijaa wajane na wanawake wapweke wenye akiba kidogo, vyombo vya nyumbani na hofu ya uzee. Landru akatia tangazo gazetini la kutafuta mchumba, akajieleza kuwa mjane mstahiki anayetaka mke wa makamo. Barua zikamiminika. Polisi walipokuja kuhesabu, walikuta kwamba aliwahi kuwasiliana na wanawake 283.

Barua hizo alizipanga kwa mafungu: hawa wa kujibiwa, hawa hawana mali, hawa wa kuwekwa akiba. Asiye na kitu aliachwa kando, na umaskini wake ukamwokoa. Mwenye kitu alitembelewa na bwana mfupi mwenye upara na ndevu nyingi nyeusi, mtaratibu, mwenye maneno matamu. Kwa huyu aliitwa Fremyet, kwa yule Cuchet, jina alilomwibia marehemu wake wa kwanza. Baada ya muda mfupi mwanamke alikuwa amekwisha mkabidhi akiba na vyombo vyake, kisha akaalikwa kwenda kupumzika shamba.

Mwishoni mwa mwaka wa 1915 Landru alipanga nyumba nyingine kwa jina la Dupont katika kijiji cha Gambais, yapata kilomita 50 kutoka Paris. Ilikuwa nyumba ya upweke, yenye bustani, na jikoni alitia jiko dogo la makaa. Wanavijiji waliona moshi mzito na kusikia harufu mbaya, wakanong'ona, wakanyamaza. Kati ya 1915 na mwanzo wa 1919 walipotea wanawake kumi na yule kijana André. Jumla ni watu kumi na mmoja.

TIKITI YA KWENDA TU

Kufika Gambais ilipasa kupanda gari la moshi mpaka stesheni ya Houdan. Landru, ambaye katika daftari lake dogo jeusi aliandika kila senti iliyomtoka, aliandika pia nauli. Na nauli hizo zilikuwa hivi: tikiti moja ya kwenda na kurudi, na tikiti moja ya kwenda tu.

Msomaji, hapo tusimame kidogo. Mtu huyu alijipatia maelfu ya faranga kwa wanawake aliowaua. Tikiti ya kurudi ingemgharimu faranga chache tu. Lakini tabia ya ubahili haikumruhusu kununua kitu alichojua hakitatumika. Kwa kuokoa faranga chache akaiandikia mahakama, kwa mkono wake na tarehe yake, kwamba siku alipokuwa akiondoka na mchumba wake alijua ni nani atakayerejea na ni nani hatarejea.

Ndani ya daftari hilo mlikuwamo pia orodha ya majina kumi na moja. Baadhi hakuyaandika waziwazi. Mmoja alimwandika Brazili, kwa kuwa alitoka Amerika ya Kusini, ijapokuwa kwao hasa ni Argentina. Mwingine alimwandika kwa jina la mtaa aliokuwa akiishi, na mwingine kwa jina la mji wa Le Havre alikotoka. Hakujali kujua zaidi. Kwake walikuwa kama bidhaa zilizotiwa alama.

DADA WAWILI

Sasa tulitaje lile jambo ambalo Landru hakulitia katika hesabu. Aliwachagua wanawake aliowadhania hawana mtu wa kuwauliza. Jamaa walipouliza alijaribu kuwatuliza, hata kwa barua za kughushi. Lakini damu ni nzito kuliko maji. Anna Collomb alikuwa na dada. Célestine Buisson naye alikuwa na dada, Marie Lacoste, mtumishi wa nyumbani mjini Paris, ambaye hakumpenda shemeji huyo tangu siku ya kwanza.

Dada hao wawili hawakujuana. Kila mmoja kwa wakati wake alimwandikia meya wa Gambais, mmoja akimwuliza habari za bwana aitwaye Cuchet, mwingine habari za bwana aitwaye Fremyet. Meya hakumjua yeyote wa majina hayo, lakini aliona kwamba maswali yote mawili yanahusu nyumba moja, ile ya Bwana Dupont. Akazishauri familia hizo zikutane. Zilipokutana na kulinganisha sura, ndevu na maneno ya mchumba yule, zikatambua kuwa Cuchet, Fremyet na Dupont ni mtu mmoja.

Kosa la Landru hapo lilikuwa la uzembe mtupu. Alibadilisha jina kwa kila mwanamke, lakini hakubadilisha nyumba.

Aprili 1919, mwanamke mmoja aliyeijua sura yake alimwona katika duka la vyombo vya udongo katika barabara ya Rivoli, mjini Paris, akinunua seti ya vyombo pamoja na msichana mzuri. Mtoro yeyote angelipa, akachukua mzigo wake, akaenda zake. Landru alitaka vyombo vipelekwe nyumbani, akaacha dukani kadi yenye jina la Lucien Guillet na anwani ya barabara ya Rochechouart. Polisi hawakuhitaji kumtafuta zaidi. Walimkamata nyumbani kwake tarehe 12 Aprili 1919, siku aliyotimiza miaka 50. Na daftari alikuwa nalo.

MAHAKAMANI

Isidhaniwe kwamba kazi iliishia hapo. Polisi nao walizembea. Upekuzi wa kwanza Gambais ulifukua mizoga ya mbwa tu, mbwa wa mwanamke wa mwisho kupotea, na baada ya hapo nyumba ikaachwa kwa siku kadhaa bila kutiwa muhuri. Waliporudi, walikuta katika majivu zaidi ya kilo 4 za mifupa iliyoungua, ambayo baadhi yake ilikuwa ya binadamu, na meno. Mtetezi wa Landru, wakili mashuhuri Vincent de Moro-Giafferi, alilishika kosa hilo kwa mikono miwili. Aliuliza ni nani aliyeingia katika nyumba ile siku zile, na maiti ziko wapi.

Kesi ilifunguliwa Versailles tarehe 7 Novemba 1921. Watu walifurika kama wendao tamashani, na mwandishi maarufu Colette alikuwa miongoni mwa walioandikia magazeti. Jiko la Gambais lililetwa mbele ya mahakama. Landru alikuwa mtulivu, mwenye adabu, na kila alipoulizwa wanawake wale wako wapi alishikilia kwamba hayo ni mambo ya faragha. Inasimuliwa kwamba wakili wake aliwaambia wasikilizaji kuwa mmoja wa waliopotea yu karibu kuingia mlangoni, na macho yote yakageukia mlango, isipokuwa ya Landru.

Iwe kisa hicho kilitokea au kilitiwa chumvi, kilichomzamisha ni mambo madogo. Upande wa mashtaka ulisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Katika gereji aliyokuwa amepanga Clichy zilikutwa samani, nguo na hati za wanawake waliopotea, zimetunzwa vizuri. Mtu aliyehama kwa hiari yake haachi cheti chake cha kuzaliwa. Na ile tikiti ya kwenda tu haikupata jibu. Tarehe 30 Novemba alihukumiwa kifo. Rais Alexandre Millerand alikataa kumsamehe, na alfajiri ya tarehe 25 Februari 1922 Landru alikatwa kichwa mbele ya gereza la Versailles. Mpaka mwisho hakukiri.

Mwaka wa 1947 Charlie Chaplin alitengeneza filamu ya Monsieur Verdoux kutokana na habari zake, na watu wakacheka. Wale wanawake kumi na kijana mmoja hawana makaburi.

Sisi tuliopita vyuoni tungali wadogo tulifunzwa kwamba kila mja ana kitabu chake, na waandishi wake hawalali. Landru hakuweza hata kungoja kitabu hicho. Alijiandikia chake hapahapa duniani, akakitia mfukoni.

Lakini tusijidanganye kwamba kila muuaji atajiandikia ushahidi. Daftari lile lingebaki mfukoni mwake miaka mingi zaidi lau dada wawili wasingekataa kunyamaza. Majirani waliuona moshi na hawakuuliza. Leo matangazo ya uchumba yamehamia kwenye simu, na akina Fremyet hawajakwisha, wala akina Jeanne. Basi jirani yako mjane akikosa kuonekana siku mbili tatu, usiseme amesafiri. Nenda ukabishe hodi.