Maisha ya Schillings, Aliyempiga Simba Picha Usiku

Muhula huu nimechagua kuwaelezeni maisha ya Carl Georg Schillings, Mdachi aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kupiga picha za wanyama wa porini wakiwa hai, wakitembea na kukimbia katika makao yao. Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, alifanya kazi hiyo katika nchi yetu, katika Nyika ya Wamasai, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika mkoa wetu wa Manyara. Ya pili, wenzangu hapa Nakwa wapendao kamera huulizana kila mara kwa nini mbwa akikimbia hutoka kwenye picha kama moshi, hana kichwa wala mkia. Mtu huyu alilihangaikia swali hilo kwa miaka mingi, na twaweza kujifunza kwake.

Schillings alizaliwa tarehe 11 Desemba 1865 katika mji wa Düren, magharibi ya Ujerumani. Jamaa zake walikuwa watu wenye mali na mashamba, naye tangu ujana alipenda msitu, bunduki na wanyama. Mwaka 1896, alipokuwa na umri wa miaka thelathini, alikuja Afrika ya Mashariki katika msafara wa Max Schoeller. Wakati huo nchi yetu ilikuwa chini ya utawala wa Wadachi. Alikuja kama mwindaji, na kamera haikuwa kazi yake. Lakini nyika ilimshika moyo, akarudi tena na tena, hata zikatimia safari nne kufikia mwaka 1904. Alipita kando ya mto Pangani, akazunguka nchi za chini ya Kilimanjaro, na akaingia ndani kabisa ya Nyika ya Wamasai.

Kabla sijaendelea, yafaa tujue kamera za siku zile zilikuwaje. Filamu za kuviringisha zilikuwapo tayari, lakini wapiga picha waliotaka picha safi walitumia mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa inayobadilika ikipatwa na mwanga. Bamba moja lilitoa picha moja tu. Zamani zaidi dawa ile ilikuwa nzito kushika mwanga, na mtu aliyepigwa picha aliketi kimya kama sanamu. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kwa safu, farasi akapita mbio mbele yake, na picha zikaonyesha kwamba kuna wakati miguu yote minne huwa hewani. Katika miaka iliyofuata Mdachi mwingine, Ottomar Anschütz, alitengeneza pazia dogo ndani ya kamera lililoweza kufunguka na kufungwa kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Pazia hilo mafundi hulita shata. Lakini farasi wa Muybridge alipita njia aliyopangiwa, mbele ya kamera zilizokwisha tegwa. Simba wa nyikani hapangiwi njia na mtu.

Katika safari yake ya pili, mwaka 1899 na 1900, Schillings alianza kujaribu picha kwa bidii. Alitumia lenzi ndefu, ile inayovuta vitu vya mbali vikaonekana karibu, maana twiga na vifaru hawakumsubiri awasogelee. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Lenzi ile ilikuwa nzito, na iliingiza mwanga kidogo. Mwanga ukiwa kidogo, shata hupaswa kukaa wazi kwa muda mrefu zaidi ili bamba lishibe. Shata ikikaa wazi, mnyama husogea, na mkono wa mpiga picha nao hutetemeka. Mabamba mengi yaliharibika.

Tufanye hesabu kidogo, maana jambo hili ni la hesabu. Mbwa anayekimbia mita 8 kwa sekunde, shata ikifunguliwa kwa 1/60 ya sekunde, husogea sentimita 13 kabla haijafungwa. Basi picha itamwonyesha akiwa amevutika kwa sentimita 13, na huo ndio moshi tunaouona. Shata ikifunguliwa kwa 1/500, husogea sentimita 1.6. Kwa 1/1000, husogea chini ya sentimita moja, na jicho letu humwona kana kwamba amesimama. Lakini kila unapopunguza muda kwa nusu, mwanga nao hupungua nusu. Lazima upate mwanga mwingine mahali pengine, ama kwa lenzi, ama kwa dawa, ama kwa taa.

Schillings aliutafuta kwenye taa. Aliona kwamba wanyama wengi anaowataka hutoka usiku, wakati ambao hakuna lenzi ya siku zile iliyofaa. Kiwanda cha Goerz cha Berlin kikamtengenezea chombo kilichochoma unga wa magnesiamu na kufungua shata kwa wakati mmoja. Unga ule ulitoa mwako mkali kama radi, kisha giza likarudi. Ulikuwa wa hatari, maana ungeweza kulipuka mkononi mwa mtu anayeutayarisha. Katika safari yake ya nne, mwaka 1903 na 1904, aliutumia kwa ustadi mkubwa. Alichagua mahali wanyama wanapokunywa maji, au alimfunga punda au ng'ombe kuwa chambo. Aliiweka kamera ikitazama hapo hapo, akapima umbali kabla jua halijazama, akatandaza kamba nyembamba. Simba alipoiruka chambo aliigusa kamba, mwako ukatoka, na picha ikapatikana bila mkono wa mtu.

Kwa njia hiyo aliwapata simba, fisi, mbweha na pundamilia katika giza lao wenyewe. Naomba msomaji aangalie vizuri jinsi kazi ile ilivyofanyika. Sehemu kubwa ilimalizika mchana, kabla mnyama hajaja. Mpiga picha alikuwa amekwisha jiuliza mnyama atapita wapi, atakuwa mbali kiasi gani, na mwanga utatoka upande gani. Usiku ulipofika, lililobaki lilikuwa kungoja.

Hapa sina budi kuwataja watu wengine. Kamera, mabamba ya kioo, chupa za dawa, hema na chakula havikutembea vyenyewe. Vilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi wa Kiafrika zaidi ya mia moja, siku baada ya siku, katika nyika isiyo na maji. Bamba la kioo likianguka limekwisha, na picha ya mwezi mzima imepotea. Zile zilizofika Ulaya nzima zilifika kwa sababu kuna mtu aliyejua kuweka mguu wake vizuri kwenye mawe. Waliosoma nyayo na kumwonyesha mgeni mahali simba anapopita walikuwa wenyeji pia. Jalada la kitabu lina jina moja tu, lakini kazi ilikuwa ya wengi.

Kitabu hicho kilitoka Ujerumani mwaka 1905, chenye picha zaidi ya 300, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Kwa Mwanga wa Mwako na kwa Bunduki. Kilisomwa sana, kikatafsiriwa kwa Kiingereza, na Schillings akawa mtu mashuhuri. Watu wa Ulaya waliozoea kuwaona wanyama wetu katika michoro, au wakiwa wamekufa na kujazwa majani, sasa waliwaona wakiishi. Mwaka ule ule wa 1905, kusini mwa nchi yetu, vita vya Maji Maji vilianza. Nayataja mambo haya mawili pamoja ili tukumbuke kwamba walioshangilia picha za wanyama wa nchi hii hawakuwa wakiwaona vema watu wake.

Jina la kitabu lenyewe linatuonyesha kwamba Schillings hakuwa malaika. Bunduki ilikuwa mkono wa pili wa kamera yake. Aliua wanyama wengi, akapeleka ngozi na mifupa katika nyumba za makumbusho. Alimlea kifaru mchanga kambini, baada ya mama yake kuuawa, akampa mbuzi wa kumfariji, kisha kifaru huyo akasafirishwa mpaka bustani ya wanyama ya Berlin. Wapo watakaosema alimpenda. Mimi nasema upendo wa namna hiyo una deni.

Hata hivyo jambo moja ni la kumsifu. Kadiri alivyokaa nyikani akitazama kwa lenzi, ndivyo alivyoona kwamba wanyama wanakwisha. Pembe za tembo zilikuwa zikiuzwa kwa wingi pwani, na bunduki za kisasa zilikuwa zikienea. Katika kitabu chake cha pili, cha mwaka 1906, alisikitikia nyika inayopotea, na baadaye alisema hadharani kutaka wanyama walindwe. Aliwapinga pia wafanyabiashara waliowaua ndege kwa ajili ya manyoya ya kofia za mabibi wa Ulaya. Alikufa mjini Berlin tarehe 29 Januari 1921, akiwa na umri wa miaka 55. Utawala wa Wadachi katika nchi yetu ulikuwa umekwisha kabla yake.

Sasa nigeukie kamera zetu. Wengi wetu hatuna simba wa kumpiga picha, ila tuna mbwa wa nyumbani, paka, kuku na mbuzi. Kamera za leo hazitumii bamba la kioo, lakini kanuni ni zile zile, na ni tatu. Ya kwanza ni shata, yaani muda. Kuku anayetembea hutosheka na 1/250. Mbwa anayekimbia mpe 1/1000. Ya pili ni tundu la lenzi, linaloandikwa kwa herufi f. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga huingia kwa wingi. Ya tatu ni unyeti, unaoandikwa ISO, nao umechukua nafasi ya ile dawa ya bamba. Ukiuongeza, kamera huridhika na mwanga haba, ila picha huanza kuwa na chembechembe kama mchanga.

Kwa anayeanza, katika jua la saa nne asubuhi hapa Babati, jaribu shata 1/1000, tundu f/5.6 na ISO kati ya 100 na 200. Mnyama akiwa kivulini, jaribu shata 1/500, tundu f/4 na ISO 400. Jioni ongeza ISO kwanza kabla hujaigusa shata, maana picha yenye chembechembe yafaa kuliko picha yenye ukungu. Kama kamera yako ina fokasi inayomfuata mnyama bila kukoma, itumie, na upige picha tano au sita mfululizo, kisha uchague moja. Wenye simu, wakati wa likizo mkiwa na simu za wazazi, tokeni nje penye mwanga mwingi, maana simu nyingi huchagua shata zenyewe, na mwanga ukiwa mwingi huchagua muda mfupi.

Tena, usimfukuze mnyama. Jua kwanza njia yake. Mbwa akiitwa na anayemlisha hukimbia moja kwa moja. Chuchumaa mbele, kamera iwe usawa wa macho yake, lenga mahali atakapopita, ungoje. Ukitaka kuonyesha mbio zenyewe, tumia 1/60 na umfuate kwa kamera taratibu anapopita ubavuni. Yeye atatoka wazi na majani ya nyuma yatavutika kama mistari. Wala usimwashie mnyama mwako machoni kwa karibu. Tuna mwanga wa jua wa kutosha, na mnyama aliyeogopa leo hatakusogelea kesho.

Mwisho, wenzangu, wako wanaodhani kupiga picha ni mchezo wa wenye fedha. Vifaru waliishi katika Hifadhi ya Ziwa Manyara, jirani yetu, nayo ilianzishwa mwaka 1960. Wazee waliowaona bado wapo. Katika miaka ya 1980 majangili waliwamaliza, na aliyezaliwa baada ya hapo amewajua vifaru wa Manyara kwa picha tu. Viboko wa Ziwa Babati tunawasikia bado wakikoroma, na ndege wanatua kwenye matete kila asubuhi. Twende tuwapige picha sasa, tukiwa mbali nao kwa usalama wetu na wao, tuandike tarehe na mahali nyuma ya kila picha, na majina ya wote waliotusaidia kuipata. Ukurasa wa gazeti hili upo wazi kuzipokea.